Tawi la Njia Panda

Norveji, tarehe 18 Juni 2023

Kwako Shangazi Domitille, Mulongwe, Uvira,

Kabla ya mengine yote, pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Minye niko mzima. Kichwa hakiumi, tumbo haliumi, ni miguu tu inakataa kukaa mahali pamoja, na hiyo uliizoea tangu niko mutoto. Baba mukubwa Kizito, mugongo wake unaendaje? Ziwa limerudi nyuma, ama bado linapiga hodi mu nyumba za watu kule Kalundu? Nina hamu ya samaki wetu mukeke wa kuchoma mpaka nasikia harufu yake nikiwa kazini.

Kazi ni ileile, kwenye nyumba ya wazee. Ninawaosha, ninawalisha, ninawasikiliza. Bibi mumoja ananiita kwa jina la binti yake aliyekufa, nami naitika. Nitafanyaje?

Shangazi, mbona unakataa mashini ya kushona? Hii ni mara ya tatu nakuuliza. Weye ulikuwa fundi wa kijiji chetu Lubarika nzima, hakuna mwanamke aliyeingia kanisani bila nguo iliyopita mikononi mwako. Iko muntu anarudi Bujumbura mwezi wa nane, angeibeba. Niambie ndiyo tu.

Basi ngoja nikupe habari ya kuchekesha. Jumamosi iliyopita tulipanda mulima. Watu wa hapa wako na neno lao, "tur". Ukiwauliza mnakwenda kwa nani, hakuna. Mnakwenda kutafuta nini, hakuna. Unapanda, unafika juu, unaangalia, unakula mukate, unashuka. Belyse, rafiki yangu Murundi wa Rumonge, aliuliza mara mbili kama huko juu iko soko. Ingunn, mwanamke tunayefanya naye kazi, ndiye aliyetuchukua, pamoja na baba yake muzee.

Ni kuzuri, siwezi kukataa. Maji yanaanguka kutoka juu ya jabali mpaka yanageuka moshi kabla ya kufika chini. Theluji iko, mwezi wa sita huu, nimeishika kwa mkono. Mawe yamepakwa alama nyekundu njia yote, ili muntu asipotee. Na tulipofika juu kabisa, bahari imeingia katikati ya milima, nyembamba, ya buluu, na minye nikasema kwa sauti, "Tanganyika!" Wote wakacheka. Ni vile inaonekana ukiwa njia ya Lemera na umegeuka nyuma.

Nilitembea mbele yao siku nzima. Ingunn alisema naenda kama muntu anayefuatwa. Nilimwambia ni kawaida yangu. Nimetia picha humu ndani, uone mutoto wako alivyo na nguvu.

Wako anayekupenda,
Noella


Uvira, tarehe 6 Agosti 2023

Mutoto wa kaka yangu, mama yangu mudogo,

Bwana asifiwe kwa kutuamsha. Barua imefika. Habonimana, yule anayetubebea barua kutoka Bujumbura, aliivusha mupaka wa Kavimvira ndani ya mufuko wake wa sabuni, na akaikalia wiki mbili nzima, sasa inanukia vizuri kuliko minye. Hatujambo. Kizito mugongo unamuuma lakini mudomo haumuumi. Ziwa limerudi nyuma kidogo, limetuachia matope na vyura. Ndagala iko kidogo sokoni, na minye ndiyo biashara yangu, basi tunaongopa tumeshiba.

Sasa uniambie kweli, Noella. Nani amewafukuza?

Usinifiche. Picha nimeiona. Muko mustari mumoja, weye mbele, mufuko mukubwa mugongoni, na juu ya mufuko umefunga mukeka uliokunjwa. Muntu mwenye kitanda nyumbani anabeba mukeka mulimani kwa nini? Viatu vimejaa matope mpaka kifundo. Nyuma yako Belyse amefungua mudomo hana pumzi. Na yule muzee mwenye fimbo mbili, ayi! Fimbo mbili! Miguu imemuisha kabisa, na nyinyi vijana hamukumubeba! Hapo nikasema hawa wamekimbia bila kuangaliana, mambo ni mabaya. Ile habari ya kucheka na ya kula mukate nikajua unanituliza moyo, kama vile ulivyonituliza kambini tulipokuwa wakimbizi.

Nilimuonyesha Célestine, yule mukubwa wa wamama kanisani. Akaangalia, akasema, "Wamefika mulimani angalau." Tulifunga siku nzima kwa ajili yenu, wamama kumi na wawili, hata maji hatukunywa. Kama si vita, nani atanirudishia ile siku na njaa yake?

Mashini sitaki. Nimekwambia macho yangu yameisha, na bado unauliza.

Bon. Iko neno lingine. Kizito ameita jamaa. Anasema miaka kumi na mitano inatosha, baba yako Michée hatuwezi kumuacha hivi, si mufu, si muzima, hata jina lake watoto wanaogopa kupewa. Anataka tuondoe kilio, tumalize matanga. Lakini anataka tukaombe mahali palepale alipoishia, na Kizito anasema weye ndiye wa mwisho kumuona. Uandike vile ilivyokuwa ile asubuhi tulipokimbia Lubarika. Ni yeye anasema hivyo.

Vaa nguo nzito.
Shangazi yako,
Domitille


Norveji, tarehe 24 Septemba 2023

Shangazi yangu mupenzi,

Nimecheka mpaka Belyse akagonga ukuta! Kisha nimemusomea na yeye amecheka mpaka amelia. Shangazi weee, hakuna aliyetufukuza. Ule mukeka ni kipande cha sponji cha kukalia, mawe ya hapa yana baridi. Yule muzee ana nyumba, ana gari, ana miaka sabini na minane, na zile fimbo alizinunua dukani kwa kupenda. Ndiyo, dukani wanauza fimbo. Nisalimie wamama wote kumi na wawili, waambie ile saumu Mungu ataiweka, itatumika siku nyingine.

Huku jani limeanza kuwa jekundu. Giza linarudi mapema. Kazini yule bibi aliyeniita binti yake amekufa, nimebadilishwa nyumba ya pili, sijazoea. Nimehama chumba pia. Hii ni mara ya nne, najua utasema.

Mulifunga siku nzima. Na minye siku ile ya mulima nilifunga, lakini nilifunga njia. Sikukuandikia hiyo.

Tukiwa tunashuka, ukungu uliingia. Nilikuwa mbele kama kawaida, wao nyuma siwaoni. Nikafika mahali njia inagawanyika, moja inaenda kwenye gari, moja inashuka upande wa maji. Alama nyekundu iko pale, kubwa, hata kipofu angeigusa. Lakini mikono yangu haikungoja kichwa. Nikavunja tawi lenye majani, nikalilaza kukata ile njia ya maji, vile kwetu tunafanya ili anayekuja nyuma asiingie. Nikaendelea. Kisha nikasimama kungoja, nikangoja, nikangoja, hawaji.

Nilirudi mbio. Nilianguka mara mbili, goti lina alama mpaka leo. Nilikuwa naita. Niliwakuta wamekaa chini wanakunywa kahawa, muzee anakata chokoleti. Ingunn alikuwa ameliona tawi, akalisogeza pembeni kwa mguu, kwa wema tu, kusafisha njia, kisha akarudi kuwangoja wenzake. Akaniuliza juu ya nini natetemeka. Nilisema ni baridi.

Belyse alinifuta damu ya goti. Yeye analijua tawi. Tangu siku ile anatembea karibu yangu, na minye sitaki muntu karibu yangu, nimegombana naye juu ya sufuria tu, kitu cha bure.

Juu ya neno la Baba mukubwa Kizito, mungoje kidogo. Nina kazi nyingi.

Wako,
Noella


Uvira, tarehe 12 Novemba 2023

Noella,

Amani iwe kwako. Mvua imeanza, muto wa Mulongwe unanguruma nyuma ya nyumba na tunausikiliza kama mugonjwa. Wote wazima.

Umejibu ya mukeka, umejibu ya fimbo, umejibu mpaka ya sufuria. Kile nilichokuuliza hukukijibu. "Nina kazi nyingi." Minye nimekulea, hizo kazi nazijua.

Kizito ameweka siku. Ni Jumamosi ile inayofuata Pasaka, tarehe sita ya mwezi wa ine. Tutapanda gari mpaka Lubarika, tutaingia kwa miguu. Lakini mpaka leo hajui tusimame wapi.

Na unieleze hii. Umeandika ulirudi mbio ukiita. Uliita nani? Ingunn ama Belyse? Na lile tawi, Noella, juu ya nini linakutetemesha? Nimesoma hapo mara nyingi, karatasi imeanza kuchanika. Uandike upesi, usingoje Noeli.

Domitille


Norveji, tarehe 14 Januari 2024

Shangazi,

Heri ya mwaka mupya kwako na kwa wote wa Mulongwe. Nimekawia. Barua hii nimeianza mara tano na kuichana mara nne. Nje theluji inafika dirishani.

Niliita Baba. Ndiyo jibu. Muntu wa miaka ishirini na mitano, mulimani Norveji, naita "Baba! Baba! Si huko!"

Sasa sikiliza, na usinikatize, maana nikisimama sitaendelea. Ile asubuhi Baba aliniambia, "Tangulia na koko. Minye nafungua mbuzi, nakuja. Mukifika njia panda, funga ile ya kushuka mutoni, nisipotee." Tulifika pale na koko, bibi yangu, Mungu amupumuzishe. Koko alikaa kuvuta pumzi, akanipa mugongo. Nikavunja tawi, nikalilaza. Nilikuwa na miaka kumi, Shangazi, na bunduki zilikuwa zinalia bondeni, na nilikuwa nalia na minye. Nililaza wapi? Ndiyo hiyo. Sijui nililaza njia gani. Nikikumbuka leo, tawi liko kwenye ya kushuka. Nikikumbuka kesho, liko kwenye yetu, ya Lemera, na nimemufungia Baba yangu njia ya kupona na kumufungulia ile ya kifo.

Weye ulituambia ulipita njia ya juu na wamama wa kanisa, hukuliona tawi langu. Koko amekufa. Hakuna muntu wa kuniambia. Kambini ukiniuliza nilisema sijui, na ni kweli, sijui, lakini uliona ni mutoto hakumbuki, na minye nikaacha uone hivyo.

Ndiyo maana natembea mbali mbele ya kila muntu, wasinikaribie. Sitaki anifuate muntu yeyote kwa alama yangu. Ndiyo maana nahama vyumba.

Mwambie Kizito asinihesabu katika wale wanaoondoa kilio. Mutamuombeaje Baba mukitaja jina langu kama shahidi, na labda ni minye niliyemuua? Kama baada ya hii hutaki kuniandikia, nitaelewa.

Noella


Uvira, tarehe 3 Machi 2024

Noella, mutoto wangu,

Leo sina salamu ndefu. Tuko wazima, ziwa limepanda tena, basi. Barua yako imenifikia jana. Ilikaa Bujumbura mwezi mzima juu Habonimana alikuwa mugonjwa, na katika huo mwezi wote weye ulikuwa unangoja, unafikiri nimekutupa. Nilipofikiri hiyo nilipiga kichwa changu kwa mukono.

Tawi lako lilikuwa kwenye njia ya kushuka. Lilikuwa mahali pake, limelala vizuri, shina upande wa mulima, majani upande wa bonde. Nimeliona kwa macho yangu haya ambayo nakwambia yameisha, na hayajaisha.

Sikupita njia ya juu. Hakukuwa na wamama wa kanisa. Ni uongo, ni wangu, na nimeulea miaka kumi na mitano pamoja na weye. Nilitoka shambani nimechelewa, nikamukuta Michée na mbuzi wake, tukapanda pamoja. Tulipofika njia panda akaliona tawi. Akacheka, Noella, katikati ya ile hofu yote alicheka. Akasema, "Tazama, Domitille, mwanangu amefunga kama muntu mukubwa." Hakuliondoa, akasema iko watu nyuma wataliona nao. Tukashika yetu, ya Lemera, tukaenda mpaka kwenye lile jiwe jeusi.

Pale nilikaa chini nikaanza kulia. Si juu ya watu. Juu ya mashini. Nilikuwa nimeficha kichwa cha mashini yangu kwenye migomba kule mutoni, na nikasema bila mashini minye si muntu, afadhali nife. Nilisema hivyo. Michée akaniangalia. Akanipa kamba ya mbuzi, akasema, "Kaa hapa, usisogee." Akarudi. Nilimuona kwa mbali amefika njia panda, ameinua mguu, ameruka tawi lako, ameshuka. Alijua anakokwenda. Nilisikia bunduki. Nilikaa kwenye lile jiwe mpaka jua likageuka, kisha nikaja kuwakuta na uongo wangu umekwisha pikwa.

Sasa unajua juu ya nini sishoni. Kila ulipoandika mashini, nilitamani ardhi ipasuke. Na Kizito aliposema weye ndiye wa mwisho kumuona, nilinyamaza, nikamuacha mutoto abebe mufuko wangu. Nilidhani unasumbuliwa na msiba tu, kama sisi wote. Sikujua hata siku moja kwamba unajihukumu. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kwamba nimekuosha, nimekusuka, na sikujua.

Nimemwambia Kizito asubuhi hii. Alichukua kofia yake, akatoka, hajarudi. Tarehe sita nitasimama pale njia panda na nitasema mbele ya watu wote, kwa mudomo wangu. Wakinitupia mawe, sawa.

Weye ukinichukia, andika kwamba unanichukia. Tafadhali usininyamazie. Kunyamaza tumefanya sana.

Domitille


Norveji, tarehe 27 Machi 2024

Kwa Shangazi yangu,

Belyse anakwenda Bujumbura kwa Pasaka. Amekubali kuvuka mpaka Uvira yeye mwenyewe, ataiweka hii mukononi mwako kabla ya tarehe sita, bila sabuni.

Sitakudanganya. Siku tatu nilikukasirikia sana, nilitembea mji mzima nikikugombeza kwa sauti, watu wakanipisha. Miaka kumi na mitano, Shangazi! Neno moja tu ungesema! Siku ya nne nikakumbuka vile kambini ulikuwa unakula ukoko, unaniachia bugali laini, unasema weye unapenda ukoko. Kisha nikafikiri Baba alicheka. Hiyo sikuwa nayo. Kwa miaka yote hii sikuwa na Baba anayecheka, na weye umenipa.

Jumapili tulirudi mulimani na Ingunn na muzee wake. Theluji bado nyingi. Nilitembea nyuma, wa mwisho kabisa, nikikanyaga mahali walipokanyaga. Muzee aligeuka akaniuliza kama ni mugonjwa. Nilimwambia hapana, leo nataka kufuata.

Miti yote ya huku iko uchi sasa, isipokuwa msonobari. Nimekata tawi lake dogo, liko ndani ya bahasha hii, limekauka kidogo lakini ni zima. Siku ile mutakaposimama pale, usililaze kwa ajili ya Baba. Yeye aliruka tawi langu akijua, na hatarudi. Hili ni lako. Lilaze kukata ile njia ya kushuka, shina upande wa mulima, majani upande wa bonde. Umeishuka kila siku kwa miaka kumi na mitano, inatosha.

Nimeifunga minye, Shangazi, na ninajua kufunga, Baba mwenyewe alisema. Usipite huko tena. Pita huku, nakungoja.

Noella